Chwele, Kitale na Kiti cha Seneti



Wengi wetu tuna nyumba Chwele na kazi Kitale. Kwa hiyo tunaulizwa mara kwa mara: Seneta wetu ni yupi, wa Bungoma au wa Trans Nzoia? Leo tutajibu.

Sisi watu wa reli tunaelewa mpaka. Kila genge lina kipande chake cha njia. Reli ikilegea, haliulizwi genge lililo karibu, bali genge lenye kipande kile. Mpaka wa kura ni vivyo hivyo: unaonyesha nani ataulizwa.

Mwaka 1956 wilaya ya Elgon Nyanza ilitengwa na North Nyanza, na baadaye ikaitwa Bungoma. Mwaka 1962 ikaja tume ya mipaka ya majimbo. Bwana Masinde Muliro na Wabukusu wengi walitaka Kitale iwe upande wa Magharibi, lakini Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa. Katika uchaguzi wa Mei 1963 Seneti ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Basi Chwele na Kitale, ingawa ni majirani, zikawa na masenata mbalimbali.

Seneti ile haikudumu. Mwishoni mwa 1966 Bunge lilikubali mabaraza mawili yaunganishwe kuwa moja. Tukakaa zaidi ya miaka 40 bila seneta.

Katiba ya 2010 iliirudisha Seneti. Kaunti ni 47, na kila moja, kubwa au ndogo, huchagua seneta mmoja. Bungoma ina majimbo 9 ya ubunge, na Chwele imo katika Kabuchai. Trans Nzoia ina majimbo 5. Mpaka wa kaunti haubadilishwi ovyo. Lazima tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti zikubali.

Sasa tazameni kura za Bungoma. Machi 2013 alichaguliwa Bwana Moses Wetang'ula. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi ule, ikisema kwamba wapiga kura walihongwa. Kura ikarudiwa tarehe 19 Desemba 2013, naye akashinda tena. Akashinda 2017, na tena Agosti 2022. Septemba 2022 akawa Spika wa Bunge la Taifa, kiti kikabaki wazi, na tarehe 8 Desemba 2022 akachaguliwa Bwana David Wakoli. Hesabuni: mara 5 katika muda usiofika miaka 10! Kila mara mfanyakazi aliyeandikishwa Chwele na kulala Kitale ilimbidi alipe nauli, aombe ruhusa kazini, au aache kura yake ipotee.

Tena jambo si nauli tu. Seneta ndiye anayetetea fedha za kaunti, ambazo Katiba inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana akishtakiwa na baraza la kaunti yake, Seneti ndiyo inayoamua. Zahanati iko chini ya kaunti. Mtoto wako akikosa dawa Kitale, nawe kura yako iko Chwele, utamwuliza nani? Seneta wa Trans Nzoia hakuombi kura, na wa Bungoma hana kipande kile.

Kwa hiyo, ndugu, kila mmoja aamue. Kama maisha yako na watoto wako wapo Kitale, peleka jina lako huko kwa maafisa wa uchaguzi, kwa maana sheria inaruhusu kuhama. Kama moyo na shamba vipo Chwele, baki, lakini uwe tayari kusafiri. Kujiandikisha mara mbili ni kosa. Fanyeni mapema, wala msingoje juma la kura.

Na anayepokea sukari ili atoe kura, amekwisha kulipwa. Hana tena la kumdai mkubwa.

Umoja ni nguvu.