Daktari wa Mifugo Naye Husoma: Faida ya Mafunzo ya Mtandaoni kwa Mfugaji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafugaji)



Ng'ombe akishikwa na ndigana kali, hakuna wiki ya kungoja. Homa imepanda, tezi zimevimba, pumzi inakatika. Uhai wake unategemea mambo mawili: mtaalamu awe karibu, na ajue la kufanya.

Kwa muda mrefu mambo haya yaligongana. Chini ya sheria ya mwaka 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, na anayetaka leseni mpya hutakiwa kuonyesha kuwa ameendelea kujifunza. Lakini masomo mengi yalikuwa semina za mjini. Daktari akisafiri siku tatu, wafugaji wake walibaki bila mtu. Msaidizi naye, ambaye ndiye hufika bomani mara nyingi zaidi, alishindwa na nauli na malazi.

Mafunzo ya mtandaoni yamepunguza tatizo hilo. Mtaalamu husoma jioni kwa simu, baada ya kazi. Shirika la FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ni miongoni mwa wanaotoa masomo ya namna hii.

Faida yake humfikia mwananchi moja kwa moja. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Mhudumu anayejua kwamba mimba nyingi zikiharibika kwa pamoja baada ya mvua kubwa ni dalili ya hatari, huarifu mapema na kuzuia uchinjaji. Vivyo hivyo, anayeelewa viuavijasumu humweleza mfugaji ni siku ngapi maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe wala kuuzwa.

Hata hivyo, simu haimfundishi mtu kumgeuza ndama tumboni. Kazi ya mikono hujifunzwa kwa mikono, chini ya mwenye uzoefu. Tena kuna sehemu ambazo mtandao haushiki na bando ni ghali. Kwa hiyo masomo ya simu hayaondoi mafunzo ya vitendo, huyasaidia.

Mfugaji naye ana wajibu. Kabla mnyama hajadungwa sindano, aombe kuona leseni ya mwaka huu. Si utovu wa adabu. Mtaalamu wa kweli huionyesha bila kinyongo. Akiambiwa maziwa yasiuzwe, atii, hata kama hasara inauma. Na mifugo ikianza kufa au kuharibu mimba, aripoti kwa ofisi ya mifugo ya wadi kabla ya kuchinja.