Alama Sabini na Tano Maana Yake Nini? Mazungumzo kwa Wakazi wa Kwa Mathias kuhusu Kusoma Matokeo ya Mitihani



Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, swali linaloulizwa nyumbani, dukani na kijiweni huwa ni moja: "Amepata ngapi?" Jibu hutolewa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo hupokewa kama bei ya sukari, yaani jambo lisilohitaji tafsiri. Mtoto mmoja hugombezwa kwa kuwa wa 38, mwingine huchinjiwa kuku kwa kuwa wa 3, na hakuna aliyeuliza darasa lina wanafunzi wangapi, wala mtihani wenyewe ulikuwa mgumu kiasi gani.

Mazungumzo haya yanafuata safari ya kijana anayetaka kuwa daktari wa meno. Safari hiyo imechaguliwa kwa sababu moja: njiani hukutana na takriban kila aina ya tarakimu ambayo mitihani inaweza kumpa mtu, na mwishoni mwake kuna mgonjwa aliyelala kwenye kiti, kinywa wazi, asiye na namna ya kuhakikisha kama aliyeshika koleo anajua anachokifanya. Mgonjwa huyo hutegemea kwamba mahali fulani kuna mtu aliyesoma tarakimu hizo kwa usahihi.

Tarakimu ya kwanza ni alama ghafi, nayo ni hesabu ya majibu sahihi tu. Aliyejibu sawasawa maswali 61 kati ya 100 ana alama ghafi 61. Ni tarakimu ya kweli, lakini haina kipimo cha kudumu, kwa sababu mtihani wa mwaka huu haufanani kwa ugumu na wa mwaka jana, hata kama umetungwa na watu walewale.

Wanaonunua mkaa unaoletwa kutoka Kisarawe wanalijua jambo hili vizuri. Gunia moja limefungwa sawasawa, jingine lina rumbesa mpaka limeota kichwa. Yote mawili huitwa gunia. Mwenye akili hahesabu magunia. Huyapandisha kwenye mizani akahesabu kilo. Alama ghafi ni magunia. Alama za mizani, zile zilizosawazishwa, ndizo kilo.

Watunzi wa mitihani mikubwa ya leseni hufanya hivyo. Tuseme mtihani wa Machi ulikuwa mwepesi na ule wa Septemba mgumu. Wataalamu hulinganisha maswali, hasa yale yaliyotumika katika mitihani yote miwili, wakaona kwamba aliyejibu maswali 68 mwezi Machi ana ujuzi uleule wa aliyejibu 61 mwezi Septemba. Basi wote wawili huandikiwa alama moja ya mizani. Mtahiniwa wa Septemba hakupendelewa, na wa Machi hakudhulumiwa. Kilichoondolewa ni rumbesa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani, kwa kuwa kanuni zake za alama zimechapishwa. Tangu mwaka 2020 mtihani wa kitaifa wa maandishi kwa wanaotaka leseni ya udaktari wa meno nchini humo una maswali 500, hufanywa kwa siku moja na nusu, na alama zake za mizani huanzia 49 hadi 99. Alama ya kufaulu ni 75. Wengi wakisikia 75 hudhani mtahiniwa anatakiwa ajibu robo tatu ya maswali. Sivyo. Mizani inayoanzia 49 haiwezi kuwa asilimia. Tarakimu 75 ni jina tu lililopewa kiwango cha chini cha ujuzi, kama vile mstari uliochorwa ukutani unavyoweza kuitwa "mita moja" hata kama mwenye kuutazama hana rula.

Liko jambo jingine katika mtihani huo ambalo lingewashangaza wazazi wengi wa hapa. Anayefaulu haambiwi alama zake. Huambiwa amefaulu, basi. Anayeshindwa ndiye huoneshwa tarakimu, ili ajue yuko mbali kiasi gani na mstari na ajiandae upya. Kabla ya mwaka 2012, mitihani iliyotangulia huo ilitoa tarakimu kwa kila mtu, na vyuo vilivyofundisha ubingwa vilizitumia kupanga waombaji kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mitihani hiyo haikutungwa kwa kazi hiyo. Ilitungwa ijibu swali moja: je, mtu huyu anaweza kumtibu mgonjwa bila kumdhuru? Kwa swali la namna hiyo, tofauti kati ya 84 na 87 haina maana yoyote kwa mwenye jino.

Hapa inaingia tarakimu ya tatu, nayo ndiyo inayopotosha watu zaidi. Wataalamu huiita pasentaili. Maana yake ni nafasi ya mtu katika kila watu mia wa kundi lake. Aliye katika pasentaili ya 40 amewazidi watu 40 kati ya 100. Haina maana kwamba amejibu asilimia 40 ya maswali. Anaweza kuwa amejibu asilimia 80, ila wenzake wengi wakawa wamejibu zaidi.

Akina mama waliokwenda kliniki na watoto wamewahi kukutana na jambo linalofanana na hilo bila kulitajiwa jina. Mistari ya uzito iliyochorwa kwenye kadi ya mtoto imetokana na kulinganisha watoto na watoto. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilipatikana kwa kupima watoto wenye afya na lishe bora wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Muuguzi anapotazama kadi, anamlinganisha mtoto wa Kwa Mathias na watoto hao. Mtoto anayefuata mstari wa chini kidogo ya katikati, mwezi baada ya mwezi, hana shida kwa sababu hiyo pekee. Kinachomshtua muuguzi ni mtoto anayeuacha mstari wake na kuanza kushuka.

Kwa hiyo pasentaili, na nduguye anayejulikana zaidi hapa nchini, yaani "nafasi darasani", havisemi lolote mpaka kundi litajwe. Hapa Kibaha mfano hauko mbali. Shule ya Sekondari Kibaha ni miongoni mwa shule za Serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu, na wanaochaguliwa kuingia huko ni wale waliofanya vizuri sana darasa la saba. Katika darasa la namna hiyo lazima awepo wa mwisho. Huyo wa mwisho angehamishiwa shule nyingine yumkini angeongoza, na ujuzi wake usingekuwa umeongezeka hata chembe kwa kuvuka barabara. Alibadilishiwa kundi tu.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilikubali hoja hii hadharani mwezi Januari 2023. Lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutaja watahiniwa bora na shule bora kitaifa, kwa maelezo kwamba hakuna mantiki ya kuwashindanisha wanafunzi waliosoma katika mazingira tofauti. Wengine walinung'unika, hasa wenye shule zilizozoea kujitangaza kwa orodha ile. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi. Kuwa wa kwanza ni habari kuhusu kundi. Kufaulu ni habari kuhusu ujuzi.

Lakini je, mstari wa kufaulu wenyewe huchorwa na nani, na ukisogezwa hutokea nini? Swali hili taifa zima limewahi kulipitia, na wapo vijana wa Pwani, sasa watu wazima wenye familia, ambao maisha yao yaligeuzwa nalo mara mbili katika mwaka mmoja.

Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri. Waliofaulu miongoni mwa watahiniwa wa shule walikuwa kama asilimia 34. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwanzoni mwa Mei Serikali ilieleza bungeni kwamba mwaka ule mipaka ya madaraja ilikuwa imewekwa kwa utaratibu mpya usiobadilika, tofauti na ule uliotumika mpaka mwaka 2011, na kwamba maandalizi ya badiliko hilo hayakutosha. Matokeo yalifutwa. Karatasi zilezile zikapangiwa madaraja kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Yalipotangazwa tena mwishoni mwa mwezi huo, waliofaulu walikuwa kama asilimia 43.

Hebu tarakimu hizo zitazamwe kwa makini. Vijana wapatao 30,000 walivuka kutoka kushindwa hadi kufaulu, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika kalamu upya. Alama ghafi hazikuguswa. Kilichohama ni mstari.

Wapo waliosema Serikali iligawa alama za bure. Malalamiko hayo yana ukweli nusu. Kubadilisha mizani katikati ya safari, bila shule kujua, ni dhuluma kwa mwanafunzi wa mwaka huo anayeshindania nafasi na kaka yake aliyepimwa kwa mizani ya zamani. Kurekebisha hilo kulikuwa haki. Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba kusogeza mstari hakumfundishi mtoto Kemia. Kwa mizani mpya au ya zamani, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa mwaka ule walibaki upande wa chini, na hilo lilipaswa kuzungumzwa kwa sauti kubwa kuliko mabishano ya madaraja.

Mabadiliko hayakukoma hapo. Baadaye mwaka 2013 zilianzishwa alama za B+ na E. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi badala ya madaraja. Kisha Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati wa sakata la 2012, akawa Waziri wa Elimu, na madaraja yakarudishwa. Mzazi aliyesomesha watoto watatu katika miaka hiyo ana vyeti vya lugha tatu tofauti nyumbani, na anayeviweka sambamba ili kuamua nani kati yao ana akili zaidi anapoteza muda wake.

Utaratibu unaotumika kwa sasa katika Kidato cha Nne ni huu: A ni kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo ni F. A huhesabiwa pointi 1, na F pointi 5. Masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa, na hapa kidogo ndicho bora: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 ni la pili, 22 hadi 25 ni la tatu, 26 hadi 33 ni la nne. Mwenye pointi 17 na mwenye 18 wanaweza kuwa wametofautiana kwa alama moja katika somo moja, 64 dhidi ya 65. Mtaani mmoja huitwa "wani", mwingine "tuu".

Kijana anayelenga fani za afya hana budi kutazama chini ya daraja, kwenye Biolojia, Kemia na Fizikia. Daraja la pili lililojengwa na masomo mengine halimfungulii mlango huo.

Akisha kuhitimu chuoni, iwe Muhimbili au kwingineko, anakutana na mpimaji wa namna tofauti. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 imempa Baraza la Madaktari Tanganyika jukumu la kusajili na kutoa leseni, na mhitimu hupitia kipindi cha utarajali chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Hapo nafasi darasani huisha kazi yake. Katika kundi la wahitimu hodari, aliyewazidi watu 12 tu kati ya 100 anaweza kuwa amevuka mstari kwa usalama kabisa. Katika kundi dhaifu, aliyewazidi 90 anaweza kuwa chini yake. Na mstari wa leseni, tofauti na ule wa shule, haupaswi kushushwa kwa sababu walioshindwa ni wengi, kwa kuwa mshipa wa fahamu ulio chini ya gego haujui wangapi walishindwa mwaka huo.

Mkazi wa hapa anayeumwa jino, basi, haulizi daktari alikuwa wa ngapi. Anauliza kama amesajiliwa na kama leseni yake iko hai, na ana haki ya kuuliza hivyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi sawasawa na katika kliniki yoyote ya binafsi kando ya Barabara ya Morogoro. Anayeng'oa meno sebuleni kwake kwa bei nafuu hana jibu la maswali hayo mawili, hata akiwa na mkono mwepesi na wateja wengi.

Na mzazi atakayepokea ripoti ya shule muhula huu anaombwa asome mistari mitatu kabla ya kufika kwenye nafasi: alama ya mtoto katika kila somo, wastani wa darasa katika somo hilo, na alama yake ya muhula uliopita. Ripoti nyingi hazina mstari wa pili. Mwalimu wa darasa anao kwenye daftari lake, na akiulizwa hutoa.