Siku Moja Kando ya Mto Mkondoa

Jioni hii twapenda kuwasimulieni habari za safari ya miguu, safari ya siku moja tu, tuliyoifanya mwezi wa Februari kando ya Mto Mkondoa, kutoka mji wa Kilosa kuelekea Munisagara. Huenda mmoja wenu akasema, "Magari yapo na reli ipo, miguu ya nini?" Jibu letu ni hili: apitaye kwa gari huuona mto, lakini apitaye kwa miguu hufundishwa nao.

Njia ile si ngeni. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika bonde hilo, wapagazi wakichukua mizigo vichwani na mabegani. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871, akimtafuta Dakta Livingstone, baada ya kutaabika sana katika matope ya Mkata wakati wa masika. Tena yuko mtu mmoja aliyekuwamo katika safari zote mbili, naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, kisha akawa kiongozi mashuhuri wa misafara. Wazungu waliandika vitabu, lakini watu kama yeye ndio waliozijua njia.

Hata Wadachi walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, waliipitisha katika bonde hilo hilo, maana milima ya Usagara haina mlango ulio mwepesi kuliko ule uliokatwa na mto. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914.

Basi tulitoka Kilosa alfajiri, tumechukua maji, viazi vilivyochemshwa, na kila mtu fimbo yake. Umande ulikuwa mwingi, na ukungu umelala juu ya milima. Mto ulikuwa mpole. Maji yalifika magotini tu, na changarawe za chini zilionekana. Tulipita mashamba ya mahindi na mpunga, na mikuyu mikubwa ambayo ngedere walikuwa wakila matunda yake. Mara kwa mara reli ilikuja karibu nasi, kisha ikajitenga, kama ndugu wawili wanaokwenda njia moja lakini hawapatani.

Yapata saa sita mchana jua lilikuwa kali wala hapakuwa na wingu hata moja. Tukafika penye kivuko, tukataka kuvuka ili tufuate njia ya ng'ambo iliyo fupi. Hapo tukamkuta mzee mmoja akipalilia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwaenda wapi?"

Tulipomwambia, alitikisa kichwa. "Msivuke. Tazameni maji."

Tukatazama. Maji yaliyokuwa maangavu asubuhi sasa yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi, na vijiti na majani makavu yalielea juu yake. Tukasema, "Lakini babu, hapa hakuna mvua."

Akajibu, "Hapa hakuna. Mvua iko Ugogo."

Akachomeka kijiti ukingoni, pale maji yalipokoma, akatukaribisha mahindi ya kuchoma chini ya mkuyu. Kabla hatujamaliza kula, kijiti kilikuwa kimefunikwa. Baada ya muda mto ulikuwa ukinguruma, na kile kivuko hakikuonekana tena. Kama tungalivuka kwa haraka yetu, labda tusingalikuwapo kuwasimulieni.

Wasikilizaji, sababu yake ni hii. Mto Kinyasungwe hutoka upande wa Dodoma, nao huleta maji yake katika Mkondoa. Mvua ikinyesha katika nchi ile iliyo wazi, yenye miti michache, maji hayanywewi na ardhi, bali huteremka yote pamoja. Ndiyo maana mtu wa Kilosa aweza kuchukuliwa na mvua asiyoiona.

Mzee yule aliyajua hayo kwa hasara. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mto ulifurika vibaya. Maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makazi, na reli iliharibika hata magari ya moshi yakashindwa kupita muda wa miezi. Nyumba ya mzee ilianguka. Tukamwuliza, "Mbona ungali unalima hapa?" Akasema, "Nyumba nimeihamisha mlimani, lakini tumbo halikuhama. Udongo mzuri uko hapa."

Hatukuweza kumlaumu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima karibu na mto, ila kwa kuacha meta 60 kutoka ukingoni; nayo ni sheria njema, lakini njaa nayo ina hoja zake. Hata hivyo tuliona jambo moja. Mzee alikuwa ameacha ukanda wa matete na mikuyu kati ya shamba lake na maji, na ukingo wake ulikuwa mzima. Jirani yake alikata yote ili apate matuta machache zaidi, na sasa mto umemla shamba karibu nusu. Aliyetaka zaidi amebaki na pungufu.

Tulirudi Kilosa kwa njia ile ile ndefu. Jioni tulisikia mvumo wa gari la umeme la reli mpya, ambalo tangu Julai 2024 huchukua abiria mpaka Dodoma, likipita katika mahandaki ya milima. Chini yake mto ulikuwa ukiendelea na safari yake ya kwenda kuwa Wami, kupokea maji ya Mkata yatokayo upande wa Mikumi, na kufika baharini karibu na Saadani.

Basi nanyi mkisafiri kando ya mto, tokeni mapema, chukueni fimbo, tazameni rangi ya maji kabla ya kutazama mbingu, na waulizeni wenyeji. Nanyi mlimao ukingoni, mwachieni mto matete yake.