Nafasi ya Gari Moja Mjini



Chumba cha kupanga kule Nyalenda au Manyatta mara nyingi huwa futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 9 za mraba. Humo hulala baba, mama na watoto, na jiko pembeni. Gari dogo likiegeshwa katika Barabara ya Oginga Odinga huchukua mita 5 kwa mita 2 na nusu: zaidi ya mita 12 za mraba. Likishalipiwa ada ya siku, hukaa hapo tangu asubuhi hadi ofisi zifungwe, halimbebi mtu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma na mipango ya nyumba. Kwa hiyo nani apewe ukingo wa barabara ni jambo la kuamuliwa hapa hapa Kisumu.

Na linazidi kuwa la haraka. Makasembo, mtaa wa nyumba za chini za zamani za manispaa, ulianza kujengwa upya kwa ghorofa. Mji ukienda juu, ekari ile ile hubeba familia nyingi zaidi, na hilo ni jema, maana wengi watafika kazini kwa miguu. Lakini kila familia ikitengewa nafasi ya gari, uwanja wa watoto kuchezea ndio unaoliwa kwanza.

Wenye maduka wana hofu yao, wala si ya kupuuzwa: maegesho yakipunguzwa, mteja atakwenda kwingine. Ila mteja wa Kisumu huja zaidi kwa miguu, bodaboda, tuktuk au matatu. Nafasi mbele ya duka mara nyingi huwa imeshikwa kutwa na gari la mtu anayefanya kazi jirani, pengine la mwenye duka mwenyewe. Ada ya kwa saa ingemfungulia mnunuzi nafasi hiyo.

Mpango wa usafiri endelevu wa Kisumu, uliotolewa mwaka 2020, ulitanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Ugumu uko kwenye matatu. Mtu haachi gari nyumbani ili akangoje matatu ijae Kondele, kisha mvua ikinyesha nauli ipande. Anayeuza samaki kutoka Dunga na karai lake hana hata gari la kuacha. Anachohitaji ni steji inayojulikana, yenye paa, na nauli isiyobadilika njiani. Bila hayo, kupandisha ada ya maegesho ni kutoza watu tu. Afadhali matatu zitengenezwe kwanza, au angalau pamoja.

Ada za maegesho huwekwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, na wananchi hutoa maoni kabla Bunge la Kaunti halijaipitisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka nao hufikishwa bungeni kabla ya kupita tarehe 1 Septemba. Wenye magari huleta hoja zao zimeandikwa na kupigwa muhuri. Muuza samaki, saa ya kikao, huwa yuko sokoni, na maoni yake yanaweza kupokelewa hata yakiwa kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili au kwa Dholuo.