Shangazi na Diski ya Mwisho ya Jumong

Msikilizaji, uwe Kabanga unafunga duka, uwe Rulenge jikoni, au Nyakanazi penye malori yanayongoja kupambazuke yaende Rusumo mpakani, leo siongelei bei ya maharage. Barabara nayo naiacha ipumzike. Nina jambo la kukiri: mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimekuwa mgonjwa wa tamthilia za Kikorea, na aliyeniambukiza ni shangazi yangu.

Nilianza kwa dharau. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, muvi ilikuwa ngumi na risasi. Unalipa mlangoni, unabanwa kwenye benchi mpaka mbavu zinalia, ndiyo maana yakaitwa vibanda umiza, na unatoka ukiwa na hakika moja tu: steringi hafi. Mambo ya machozi tuliwaachia kina mama. Kwa hiyo siku niliyofika kwa shangazi, Biharamulo, nikapiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, nikaingia na kukuta sebule imejaa wanawake na watoto wamekodolea macho runinga, nilikereka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa chini, baba, usiongee. Jumong anaonewa."

Jumong, kwa asiyemjua, ni tamthilia ya sehemu 81 iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kati ya mwaka 2006 na 2007. Inasimulia jinsi ufalme wa Goguryeo ulivyoanzishwa, jambo ambalo Wakorea wanaliweka mwaka 37 kabla ya Kristo. Song Il-gook ndiye Jumong. Nikaketi, nikatazama, nikacheka. Steringi gani huyu? Amelelewa kama mwana wa mfalme, lakini upanga unamtetemesha mkono, anafukuzia wasichana, na ndugu zake wa jumba la kifalme, Daeso na Youngpo, wanamtenda watakavyo. Halafu akapelekwa kujifunza upanga kwenye gereza la pangoni, mwalimu akawa mfungwa kipofu. Kipofu huyo, Haemosu, ndiye baba yake mzazi. Mtoto hajui. Baba hajui. Wanagongana panga gizani, mmoja anamfundisha mwenziwe kupumua, na sisi kwenye mkeka tunajua yote. Shangazi akajipiga paja: "Damu hiyo! Damu haifichiki!" Nami nikajikuta sijanywa chai yangu.

Usifikiri tulikuwa na tafsiri. Diski ilikuwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita kama pikipiki, na mkalimani wetu alikuwa binti wa kidato cha pili, aliyekuwa akichoka anafupisha: "Amekasirika." Mfalme amehutubia dakika nne, yeye anasema amekasirika. Baadaye zikaja zilizotafsiriwa na ma-DJ, ufundi ambao Tanzania iliwahi kupata bingwa wake, marehemu Derek Mukandala, yule Lufufu, kama vile Kenya ilivyo na DJ Afro na Uganda ina ma-VJ wao. DJ hatafsiri tu. Anachombeza, anamtania mwigizaji, anaongeza methali ambayo Mkorea hajawahi kuisikia. Wapo wanaowalaumu. Mimi nawaona ni ndugu wa wale wazee wa zamani waliosimulia hadithi ileile kila mmoja kwa ulimi wake.

Ila kuna kitu ambacho DJ hawezi kukitafsiri kwa Kiswahili, na shangazi alikidaka kwa sikio tu. Wakorea hawana "kaka" mmoja. Msichana humwita kaka yake mkubwa oppa, mvulana humwita wake hyung. Dada mkubwa naye ana majina mawili, kutegemea anayeita ni wa kike au wa kiume. Shangazi aliuliza mara moja, akaambiwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za nyumbani. Sisi wa huku, wenye Kihangaza na jirani yake Kirundi, hatushangai. Mrundi wa kike husema musaza wanje, ndugu yangu wa kiume. Wa kiume husema mushiki wanje, dada yangu. Na neno moja haliwezi kukaa mahali pa lingine. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na umbu, ndugu wa jinsia nyingine, kisha tukalisahau. Ukiongeza namna wanavyopokea kitu kwa mikono miwili na kuinama mbele ya mkubwa, utaelewa kwa nini bibi asiyejua Seoul iko upande gani alisema: "Hawa wamelelewa."

Sasa kuna wanaosema tunaacha vyetu tunakimbilia vya watu. Nimelifikiria hilo, nami sikubaliani nalo kabisa. Yule kijana tajiri wa tamthilia ya Boys Over Flowers, mwenye nywele za kujipinda na hasira za bure, nilimwacha sehemu ya tatu. Mwacheni aendelee na magari yake. Jumong sikuweza kumwacha, na sababu iko chini ya miguu yetu.

Biharamulo ni nchi ya Rusubi. Watemi wake walikuwa Wahinda, uzao wa Ruhinda, ambaye masimulizi mengi yanamtaja kuwa mtoto wa mfalme Wamara aliyezaliwa na mjakazi, akatoka kwao akaenda kujipatia ufalme Karagwe. Mtoto wa jumba la kifalme asiyehesabiwa, anaondoka na watu wachache, anaanzisha ufalme. Umeisikia wapi hiyo? Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipita hapa wakitafuta chanzo cha Nile, na mtemi Suwarora aliwatoza hongo mpaka Speke akajaza kurasa kwa manung'uniko. Mtu akiniletea tamthilia ya jumba la Suwarora, wake zake, washauri wake, wazungu wanaosubirishwa nje siku baada ya siku wakihesabu shanga, sehemu 81 hazitoshi.

Halafu chuma. Katika Jumong yumo mhunzi, Mopalmo, mcheshi, anayehangaika usiku na mchana kutafuta upanga usiovunjika mbele ya panga za dola ya Han ya China. Anashindwa, anajaribu tena. Wengine huona hapo ni pa kwenda kuchemsha chai. Sebule ya shangazi ilinyamaza. Huku walikuwako Warongo, wafua chuma wa Uzinza, ambao majembe yao yalifika Usukuma, na ambao wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao ili tanuri lisiharibike. Ukilima baadhi ya mashamba ya Biharamulo mpaka leo jembe linagonga mavi ya chuma, mazito, meusi. Shangazi alikuwa na moja mlangoni, analizuilia mlango usipigwe na upepo. Mopalmo alipovunja upanga wake wa kumi sijui wa ngapi, shangazi alisema: "Hajakaa mbali na mkewe huyo." Ni uhakiki wa sanaa ambao sijausoma gazetini.

Enzi hizo umeme ulikuwa wa mashine ya dizeli, na ulikatika hasa majeshi yakikaribiana. Wasichana wa leo, wenye simu kwenye kanga na maporomoko ya Rusumo yenye mitambo ya megawati 80 ya nchi tatu, hawatajua uchungu wa kulala bila kujua Jumong amenusurika au la.

Nimalizie kwa Soseono. Ni binti wa mfanyabiashara, jasiri, mwenye akili kuliko wanaume wote mle ndani, na shangazi alimpenda kuliko Jumong mwenyewe. Jumong alikuwa na mke, Yesoya, aliyepotea na mtoto, akadhaniwa amekufa. Soseono akaolewa na Jumong. Siku ya harusi Yesoya anafika, yu hai, anaona kwa mbali, anageuka na kuondoka.

Pale sebuleni hakuna aliyemwuliza mkalimani kitu. Sisi ni watu wa mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco, wake upande huu, waume hawajulikani walipo. Hapa kuna watu walioanuliwa matanga kisha wakabisha hodi, na aliyefungua mlango akawa mke mwingine. Mama mmoja aliinuka akatoka nje. Hakurudi mpaka sehemu ile ikaisha.

Mwishoni Yesoya anarudi, na Soseono anachukua wanawe, Biryu na Onjo, anaondoka kwenda kusini. Binti mkalimani alimnong'oneza shangazi mapema, akagombezwa. Tangu hapo diski ya mwisho haijawekwa. Iko kabatini, chini ya vitambaa vya meza, na anayeigusa anaulizwa anatafuta nini.

Wiki iliyopita nilimpelekea sukari. Nikapiga hodi, sikuitikiwa. Alikuwa amerudi sehemu ya kwanza, peke yake, Haemosu bado kijana, na macho yake yote mawili yanaona.