Nchi Jirani: Mwajiri na Ukurasa wa Mwombaji Kazi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji na askari polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na kwenye malindo ya mipakani, jioni ya leo tutazame kwa jirani zetu wa Kenya, katika jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini lagusa riziki ya vijana wengi.

Zamani kijana aliyetafuta kazi Nairobi au Mombasa alipeleka barua, vyeti vyake vya shule na majina ya watu wawili watatu wanaomfahamu. Siku hizi wako waajiri wasiotosheka na hayo. Barua ikifika mezani, mwajiri hufungua intaneti, akaandika jina la mwombaji, akatazama picha zake, marafiki zake, na mizaha aliyoiandika usiku wa manane miaka sita iliyopita. Kisha huamua. Mwombaji hapati kujua kwamba alitazamwa, sembuse kujua ni kitu gani kilichoonekana.

Asije mtu akadhani kwamba mwajiri hana sababu. Kenya yakumbuka vema machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na ambayo yaliwafanya wenzetu waunde kwa sheria ya mwaka 2008 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ili kupambana na maneno ya chuki. Mtu aliyeandika hadharani kwamba watu wa kabila fulani wafukuzwe mashambani mwao, akija kuomba kazi ya kulinda ghala la watu wa makabila yote, mwajiri atakuwa mjinga asipomwuliza. Ninyi wenyewe hamkukabidhiwa silaha ya taifa kabla ya kupekuliwa, na hakuna aliyelalamika kwa hilo.

Basi kutazamwa si hoja. Hoja ni namna ya kutazamwa, na hapa polisi wa Kenya wenyewe wametuachia mfano wa kuutafakari.

Mnamo Desemba 2013, kwa nguvu ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilianza kuwapiga msasa maofisa, ikianza na wakubwa. Walitakiwa waeleze mali zao, akaunti zao za benki, na hata fedha zilizopita kwenye simu zao kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini humo mwaka 2007. Msasa ule ulikuwa mkali, na wako waliopoteza kazi. Nimepata kuwasikia baadhi ya watu wakisema kwamba kumwuliza ofisa mzima ni nani aliyemtumia shilingi mia tano kwa simu ni kumdhalilisha. Yawezekana. Lakini ofisa yule aliitwa kwa jina lake, kwa sheria iliyoandikwa, akaambiwa kinachotafutwa, akaketi mbele ya waliomhoji, akajibu kwa kinywa chake. Asiporidhika na uamuzi, aliweza kuomba upitiwe upya. Huo ulikuwa msasa wa mchana.

Hali kadhalika cheti cha tabia njema, ambacho waajiri wengi wa Kenya hukidai. Mwombaji huenda mwenyewe kwa polisi, hutoa alama za vidole vyake, na jibu hulipokea mkononi mwake. Likiwa na kosa, anajua aende wapi kulisahihisha.

Sasa linganisheni na haya. Nina shangazi aliyeolewa Voi, na mwanawe ni dereva. Aliomba kazi katika kampuni moja ya usafirishaji mjini Mombasa, akafanya usaili, akajaribiwa barabarani, akaambiwa angojee kuitwa. Hakuitwa. Baada ya miezi miwili karani mmoja wa ofisi ile alimnong'oneza kwamba bosi alimwona kwenye mtandao, ameketi penye meza iliyojaa chupa za bia. Picha hiyo ilikuwapo kweli. Ilipigwa harusini, ikawekwa mtandaoni na mgeni mwingine, ambaye kwa ukarimu wake aliyaandika chini yake majina ya wote walioketi. Binamu yangu hajapata kunywa pombe maishani mwake. Alikuwa amekwenda meza ile kumsalimu mwalimu wake wa zamani. Lakini nani aliyemwuliza?

Na chupa za bia ni jambo jepesi. Yako mazito zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na hata yule anayeomba tu kazi, kwa sababu ya dini, asili ya kabila, maoni ya kisiasa, ulemavu, ujauzito au virusi vya ukimwi. Katika chumba cha usaili mwajiri mwenye adabu hathubutu kumwuliza mwanamke kama ni mjamzito. Lakini ukurasa wa mtandaoni hujibu kila asichothubutu kuuliza: mwombaji aabudu wapi, alihudhuria mkutano wa chama gani, tumbo la mkewe au lake mwenyewe lina miezi mingapi. Aliyekwisha kuyaona hayo hawezi tena kuyasahau, na akikataa kumwajiri atasema tu kwamba nafasi zimejaa. Ubaguzi ulioharamishwa mlangoni huingilia dirishani, na hakuna shahidi.

Wenzetu hawakulala. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, yalinda faragha ya kila mtu. Novemba 2019 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na Novemba 2020 akaapishwa Kamishna wa kwanza wa kuisimamia, Bibi Immaculate Kassait. Sheria hiyo yataka mtu aambiwe taarifa zake zinapokusanywa na zitatumiwa kwa kazi gani. Yampa haki ya kuziona, kuzisahihisha na kutaka zifutwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Yataka pia taarifa zikusanywe kwa mwenyewe, siyo kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo, imeacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo waajiri huiegemea: taarifa ambazo mtu mwenyewe amezitangaza hadharani kwa makusudi zaweza kuchukuliwa bila kupitia kwake.

Tuyapime maneno hayo, “mwenyewe” na “kwa makusudi”. Nyumba zetu za pwani zina baraza. Aketiye barazani ameonekana na kila apitaye, wala hawezi kugomba kwamba ameonekana. Ndani, lakini, huingiwa kwa hodi. Kijana aliyeandika matusi kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima ameketi barazani. Binamu yangu hakuketi barazani. Aliwekwa huko na mtu mwingine, kwa picha ambayo hakuombwa idhini yake. Kwamba jambo hilo si la mzaha mbele ya sheria ya Kenya lilionekana Septemba 2023, Kamishna alipoitoza klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Wako pia wasiotosheka na baraza, wakataka na ufunguo. Mwaka 2010, katika jimbo la Maryland huko Marekani, askari magereza mmoja aliyekuwa akirudi kazini baada ya likizo alitakiwa, katikati ya usaili, atoe neno lake la siri la Facebook. Akalitoa, akaketi akimtazama msaili anavyozipekua barua zake na za jamaa zake. Wakubwa walieleza kwamba walitaka kuhakikisha kwamba askari wao hawana uhusiano na magenge ya wahalifu. Askari yule alisema baadaye kwamba alihitaji kazi. Mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuwakataza waajiri kudai maneno ya siri.

Alihitaji kazi. Katika maneno hayo mawili mna jibu kwa wale wasemao kwamba mwombaji akikubali basi amekubali. Sheria ya Kenya yasema kwamba ridhaa iwe ya hiari, na mzigo wa kuithibitisha umo juu ya aliyekusanya taarifa. Sijui hiari gani anayo baba wa watoto wanne aliyeketi mbele ya mtu mwenye kazi moja na waombaji mia.

Nasi huku Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Baadhi yenu mnaonisikiliza mtaketi siku moja katika jopo la usaili, na wengine mna watoto ambao barua zao ziko mezani kwa mtu hivi sasa. Mwajiri aliyeona jambo la kumtia shaka hakosi muda wa kumwita mwombaji na kumwonyesha: hii picha ni yako, una maneno gani?

Kwa sheria ya wenzetu, lalamiko lililofikishwa kwa Kamishna hupelelezwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Binamu yangu hakupeleka lalamiko. Karani yule angefukuzwa. Alipata kazi kwa tajiri mwingine, aendesha lori la mizigo lipitalo Taveta na Holili hadi Arusha. Akialikwa harusini siku hizi, huuliza kwanza mpiga picha yuko upande gani.