Mapatano Kwanza, Spana Baadaye

Maneno kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotembelea Ziwani, Nairobi



Wazee wetu, akina mama na vijana, karibuni Ziwani. Tunajua wengine wenu mliamka saa tisa usiku ili kuwahi basi, kwa hiyo hatutawachosha. Tunataka kuwaeleza habari ya pikapu moja mbovu, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe wafanyakazi wa jamii. Tunalisema mbele yenu ili ninyi msilirudie huko nyumbani.

Kwanza mjue mahali mlipo. Mtaa huu uko karibu na Kariokor, Pumwani na Shule ya Starehe. Mkitoka nje mtasikia nyundo zikigonga mabati. Hao ni mafundi wa jua kali. Kwa miaka mingi Ziwani imejulikana kwa kutengeneza magari, hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandika habari zake katika miaka ya 1990. Hapa gari moja hupita katika mikono mingi. Huyu ni fundi wa injini, yule ni wa umeme, mwingine ananyosha bodi, mwingine anachomelea, mwingine anapiga rangi, mwingine anashona viti. Hakuna anayejua yote. Kila mmoja anamhitaji jirani yake.

Sasa tuje kwenye pikapu. Mwaka 2018 shule moja ya kutwa huku Eastlands ilikuwa na klabu ya magari. Lakini jamani, ilikuwa klabu isiyo na gari! Vijana kumi na wanne, wavulana na wasichana, walikuwa wakichora injini ubaoni tu. Wakati huo huo kulikuwa na kikundi cha akina mama chenye pikapu ya Peugeot 504, iliyonunuliwa kwa harambee ili kubeba viazi na mboga. Iliharibika, wakalaumiana, ikaachwa chini ya mti miaka sita. Kuku walikuwa wakitagia ndani. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wameanza kuja kuulizia bei kwa kilo.

Sisi tukaona tumepata dawa moja ya magonjwa mawili. Tukawaambia akina mama, "Wapeni vijana wajifunzie." Wakajibu, "Sawa, wachukue." Tukapiga makofi, tukanywa chai, tukaenda zetu. Hatukuandika hata mstari mmoja. Kosa letu ni hilo, na tutalirudia mbele.

Mzee mmoja fundi wa hapa Ziwani alikubali kuja kila Jumamosi. Siku ya kwanza vijana walitaka kufunga betri na kuiwasha mara moja. Mzee akakataa. "Watoto wangu," alisema, "gari lililolala miaka sita haliamshwi kwa kelele. Mtavunja pistoni." Wakamwaga petroli yote ya zamani, kwa sababu ilikuwa imeoza na kuacha uchafu ndani ya tangi. Wakatoa plagi, wakatia mafuta kidogo katika kila silinda, wakangoja wiki nzima, ndipo wakazungusha injini kwa mkono, polepole. Ikazunguka. Kabureta ikafunguliwa na kuoshwa, lakini ikaonekana imeliwa na kutu, haifai tena.

Kwa breki mzee alikuwa mkali zaidi. Mipira yote ya breki ikabadilishwa kabla injini haijawashwa. Alisema gari lisilowaka halijamuua mtu, linaloua ni lile lisilosimama. Tena hakuruhusu mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ni lazima kuwe na vigogo imara pande zote mbili. Na injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana ndani ya moshi wake mna sumu isiyo na harufu, nayo huua kimya kimya.

Kila nati iliyotolewa iliwekwa ndani ya mkebe wa Kimbo, na kila mkebe ukabandikwa karatasi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alipewa daftari. Aliandika tarehe, nani amekuja, nini kimetolewa, nini kimenunuliwa, kwa bei gani, na risiti iko wapi. Wenzake walimcheka, wakamwita karani. Kumbukeni daftari hilo.

Wazazi wengine hawakupenda. Baba mmoja alituambia, "Nimemleta mtoto asome, si apakwe grisi." Tulimkumbusha habari za Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho. Mwaka 1965 alishinda mbio za Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo lililokuwa limekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Watu walikuwa na magari mapya, yeye akashinda kwa gari la mkono wa pili, kwa sababu alikuwa fundi na alilijua gari lake. Yule baba akacheka. Jumamosi iliyofuata alileta spana zake mwenyewe.

Jaribu likaja pia. Kijana mmoja alileta kabureta safi kwa bei ya kutupa. Mzee akamwuliza, "Imetoka wapi?" Kijana akatazama chini. Sote wa Nairobi tunajua kwamba vipuri vingine hutolewa usiku kwenye gari la mtu, na asubuhi viko sokoni. Klabu ikapiga kura. Wakaamua irudishwe, ingawa ilikuwa inaingia sawa sawa. Wakangoja miezi miwili kuchanga fedha za kununua nyingine yenye risiti. Yule kijana hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kutunza funguo za sanduku la vyombo, na hakuna spana iliyopotea.

Mwezi wa kumi na moja injini ikanguruma. Vijana walirukaruka, na mwalimu akafuta machozi. Tulifikiri hadithi imekwisha.

Jumatatu asubuhi mama mwenyekiti alifika shuleni na wanawe wawili. "Gari letu limepona," alisema, "tumelifuata." Vijana wakafunga lango. Wakasema, "Mama, mlitupa chuma, sisi ndio tumetengeneza gari." Maneno yakawa makali. Mtu mmoja akataja polisi.

Nani alikuwa na haki? Wote wawili. Akina mama walichanga shilingi zao kuinunua, na logibuku ilikuwa ya kikundi. Vijana walitoa jasho lao mwaka mzima. Wenye hatia tulikuwa sisi, tuliowakutanisha bila kuuliza swali moja rahisi: ikipona itakuwa ya nani?

Tuliita mkutano tukaomba msamaha mbele ya wote. Halafu yule msichana akasimama na daftari lake. Akasoma Jumamosi thelathini na moja, moja baada ya nyingine. Akasoma kila senti, hata ya sabuni. Akasoma habari ya kabureta iliyorudishwa, bila kutaja jina la mtu. Ukumbi ulikuwa kimya. Alipomaliza, mweka hazina wa akina mama akasema, "Si injini iliyotushinda sisi. Tulikuwa hatuna daftari kama hili. Kila mmoja alimshuku mwenzake, ndiyo maana hakuna aliyekubali kutoa fedha ya kutengeneza."

Siku hiyo mapatano yakaandikwa. Pikapu irudi kwa akina mama. Klabu iihudumie kila mwezi na kuendelea kujifunzia juu yake. Kikundi kirudishe gharama za vipuri kidogo kidogo, na kilipie vijana watatu wanaomaliza shule ada ya mtihani wa ufundi wa serikali. Kila upande ukatia sahihi. Pikapu ilibeba viazi miaka mitatu. Baadaye wenyewe wakaiuza kwa amani, wakagawana kwa kufuata daftari. Wale watatu walifaulu mtihani wao.

Ndugu zetu, pengine kijijini kwenu hakuna klabu ya magari. Lakini iko mashine ya kusaga iliyonyamaza, au pampu ya maji iliyokufa, au cherehani zilizofungiwa stoo. Na wako vijana waliomaliza shule, wamekaa tu. Swali hili si geni. Mwaka 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti yao iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, na hapo ndipo palipotokea vyuo vya ufundi vya vijijini. Vijana na kile kitu kibovu wanaweza kufufuana. Ila msianze kama tulivyoanza sisi.

Kabla ya kushika spana, andikeni mambo manne. Mwenye kitu ni nani? Nani atafanya kazi, chini ya fundi gani? Gharama italipwa na nani? Kikipona, kitatumiwa vipi na kitakuwa cha nani? Someni kwa sauti mbele ya wote, mtie sahihi, kila upande ubaki na nakala. Kisha mchagueni mtu wa daftari, na mtu asimcheke.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni:

1. Ni kitu gani cha kikundi chetu kimelala, na ni ubovu wake au ni kutoaminiana kwetu kulikokilaza?
2. Kijana wetu akileta kitu cha bei rahisi mno, tunamwuliza kimetoka wapi, au tunafurahi tu?
3. Daftari letu likisomwa leo mbele ya watu wote, tutakaa kimya kwa heshima au kwa aibu?

Usipoziba ufa utajenga ukuta.